Kinyozi Isihaka na Chai ya Maua ya Tarumbeta

Watu wa Mwanjelwa waliomjua Isihaka kinyozi walikuwa wakisema kwamba huyo bwana akiambiwa jambo, masikio hayamtoshi, mpaka ulimi nao upate fungu lake. Wachina walipofika Mbeya kujenga reli, mmoja wao alimwachia kikopo cha ile dawa yao ya kuchua, akamwonyesha kwa vidole kuwa inapakwa kwenye paji la uso. Isihaka akauliza: na ikipakwa jichoni je? Mchina hakuelewa swali, akatabasamu kwa adabu na kwenda zake. Kutwa nzima siku ile kinyozi alinyoa huku machozi yanamtiririka, na wateja walioingia walimpa pole ya msiba, wakauliza mazishi ni lini.

Alizaliwa Iringa mjini, mtaa wa Mshindo, katika ukoo ambao babu yao alipanda kutoka Kilwa na msafara wa Wajerumani, akaonja baridi ya Iringa, akasema anapumzika kidogo, hakurudi tena. Kunyoa alifundishwa na mjomba wake, Mzee Salehe, aliyempa boga lililopakwa povu la sabuni na kumwambia alinyoe bila kulitia mkwaruzo. Mwaka mzima familia ile ilikula maboga yaliyonyolewa. Alipoiva, akasikia habari za reli, akahamia Mbeya na mke wake Rukia, akafungua kibanda cha mabati karibu na soko. Miaka ile vichwa havikuisha: mafundi wa reli, vibarua, madereva, makarani, wote walitaka kunyolewa.

Kisha reli ikakamilika, wenye vichwa wakatawanyika. Vijana waliobaki nao walikuwa wameingiwa na mtindo wa kufuga nywele mpaka mtu anapita mlangoni kiubavu. Basi katika mwaka huo wa sabini na sita Isihaka alikuwa na wembe mkali, kiti kizuri, na nafasi tele ya kukaa kusikiliza watu.

Hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Kibanda chake kilikuwa kama baraza. Kila Jumatatu wanaume walikusanyika kusimuliana mambo ya Jumamosi kwenye vilabu vya pombe: nani alipigana na nguzo ya umeme, nani alilala kwenye zizi la jirani akidhani ni kwake, nani alimposa mama mkwe wake. Kicheko kilipasua mabati. Isihaka hakunywa. Alikuwa Mwislamu wa kuswali, na isitoshe Rukia alikuwa na pua inayoweza kunusa pombe ya ulanzi kutoka ng'ambo ya soko. Kwa hiyo yeye alicheka pamoja na wenzake, akafagia nywele, na ilipofika zamu yake ya kusimulia alikuwa hana kitu. Jumamosi yake alikuwa amekunywa uji akalala. Jambo hili lilimkera kuliko alivyotaka kukiri.

Mmoja wa hao wasimuliaji alikuwa Maganga, dereva aliyeleta vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwa lori la mwenye duka mmoja. Maganga alikuwa Mnyamwezi mnene, mcheshi, mwenye moyo mwema na ulimi usio na breki. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa ameshawahi kumpa lifti simba mjamzito. Siku moja akiwa amelazwa kwenye kiti na povu mpaka masikioni, alisema:

"We Isihaka, unayaona yale maua meupe kwenye bustani ya nyumba ya wageni kule juu? Yale yanayoning'inia kama tarumbeta za bendi?"

"Anayoyatunza Filemoni?"

"Hayohayo. Yale si maua, ndugu yangu. Yale ni sinema. Unayatia kwenye chai, unakunywa, unakaa kitako, picha inaanza. Bila tiketi, bila foleni. Tena haina harufu mdomoni."

Wembe wa Isihaka ukasimama hewani. Sinema ndiyo iliyokuwa udhaifu wake mkubwa kupita yote. Picha za Kihindi alizitazama mpaka akajua kuimba maneno asiyoelewa hata moja.

"Wewe umeonja?"

"Mimi?" Maganga akacheka kwa dharau. "Mara ngapi! Tena inatibu na tumbo."

Ukweli ni kwamba Maganga hakuwahi kuyagusa. Habari hiyo aliiokota Tunduma kwa mtu ambaye naye aliiokota kwa mtu. Lakini hilo alilijua yeye peke yake, na kwa wakati ule halikumsumbua.

Isihaka alilala na neno lile, akaamka nalo. Akajiuliza kama ni haramu. Pombe ni pombe, akasema moyoni, na ua ni ua. Ua hata nyuki analinyonya, wala hakuna aliyemkataza. Alijua kwamba akimwuliza sheikh atapata jibu, na ndiyo maana hakumwuliza. Alikwenda kwa Filemoni badala yake.

Filemoni, mtunza bustani, alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole, aliyeongea na mimea kuliko na watu. Isihaka alimkuta amechutama kwenye waridi.

"Haya marefu haya," Isihaka akaanza, kana kwamba yamemjia tu, "yanaliwa?"

Filemoni akainua kichwa. "Nani ale? Hata mbuzi hali. Hapa kuna mbuzi wa jirani, alishakula shati langu likiwa kwenye kamba, na sabuni, na kofia ya mzungu. Lakini hayo anayapita kama hayapo. Mimi nikiyakata nanawa mikono kwanza, ndiyo nafikicha jicho. Yana sumu hayo, bwana kinyozi."

"Maganga amekunywa, na ni mzima."

"Maganga!" Filemoni akarudi kwenye waridi zake. "Sikupi hata jani."

Mtu mwingine angeishia hapo. Isihaka alitafakari kwamba mbuzi ni mnyama asiyejua sinema, hivyo maoni yake hayana uzito. Nje ya uzio palikuwa na maua yaliyodondoka upande wa njia, ambayo si mali ya mtu. Akayakusanya kwenye kofia yake.

Jumapili ile Rukia alialikwa arusini upande wa Soko Matola. Aliondoka mchana akiwa amepaka hina, ananukia udi, akamwachia mumewe wali ndani ya sufuria na onyo moja tu: asimwache kuku wa jirani aingie jikoni. Lori la Maganga lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, limejaa vitunguu vya soko la kesho yake, pua yake imeelekea mteremko wa kushukia sokoni. Isihaka akamwita dereva wake aje kunywa chai.

Maganga alikuja anasugua mikono. Alipoona birika, akaona na yale mabaki meupe yaliyolowa pembeni, alikohoa.

"Leo bwana, nadhani ningepumzika. Nina safari."

"Safari gani, na soko ni kesho?"

"Tumbo nalo limenikaa vibaya."

"Si ulisema inatibu tumbo?"

Maganga akatazama mlangoni. Palikuwa na njia ya kutoka, nayo ilikuwa fupi: kusema tu, "Nilidanganya." Lakini sentensi hiyo hakuwahi kuitamka tangu azaliwe, na hakujua inaanzia wapi. Akavuta kikombe. Na kwa kuwa mtu aliyekunywa mara nyingi hanywi kwa kuonjaonja, akakimimina chote kwa mkupuo, akaomba kingine.

Chai ilikuwa chungu, na sukari haikuisaidia chochote. Wakakaa wakitazamana. Jogoo akawika nje. Hakuna kilichotokea.

"Sinema yako imechelewa," Isihaka akasema.

"Wanapanga mkanda," akajibu Maganga, lakini sauti yake ilikuwa imekauka.

Kitu cha kwanza kilichofika kilikuwa kiu. Si kiu ya mtu aliyetembea juani, bali kama vile mdomo umefutwa na kitambaa na kuachwa hivyo. Isihaka akanywa maji. Maji yakakataa kushuka, ulimi ukawa kipande cha ngozi. Kisha mwili ukapata moto, katika mwezi wa saba, wakati Mbeya nzima imevaa masweta. Akavua shati. Akaitazama kalenda ukutani, akaona tarehe zimeanza kutembea, zinatoka kwenye mistari yake kama siafu. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa kasi hata akadhani kuna mtu anabisha hodi, akaenda kufungua.

Na kweli mlangoni alisimama Mzee Salehe, mjomba wake, ambaye alizikwa Iringa zamani na yeye Isihaka mwenyewe alishika jeneza.

Jambo alilokuja kulisisitiza maisha yake yote baadaye ni hili: hakushangaa. Sinemani mtu anajua amekalia kiti, anajua taa zitawaka na atakwenda nyumbani. Hapa hapakuwa na kiti wala taa. Mjomba aliingia, akavua viatu, akauliza mbona wembe una kutu. Isihaka akaomba radhi, akamkaribisha wali. Maganga akatoa sigara. Isihaka, ambaye hakuwahi kuvuta sigara, akapokea moja, wakavuta wote watatu kwa starehe, mpaka ya kwake ikamponyoka vidoleni. Akapiga magoti kuitafuta chini ya meza asije akaunguza mkeka. Aliitafuta kwa bidii kubwa. Sigara haikuwapo, wala haikuwahi kuwapo; Maganga alikuwa amempa hewa, naye aliivuta hewa hiyo na kukung'uta majivu yake.

Maganga aliaga, akatoka uani, akapanda benchi la kufulia kama mtu anayepanda gari, akaanza kuendesha.

Wakati huohuo mteja aliingia chumbani. Alikuwa mzee mkubwa, mtu wa heshima, mwenye mvi nyeupe sana zilizofura kila upande, naye alilala kitandani bila kusema neno. Isihaka alifurahi, hakuwa amepata kichwa kama kile tangu Wachina waondoke. Akajifunga shuka la kazi, akapaka sabuni, akanoa wembe, akaanza. Alinyoa kwa ustadi wote aliofundishwa, akimwuliza mzee habari za mashamba, naye mzee alijibu vizuri. Ila kila alipopitisha wembe, mvi zilizidi. Zilijaa kitandani, zikapanda hewani, zikamwingia puani.

Lilikuwa godoro. Godoro la sufi ambalo mama yake Rukia alimshonea binti yake alipoolewa.

Kilichofuata Isihaka alisimuliwa na wengine, kwa maana yeye kichwani mwake alikuwa anachelewa kazini. Alitoka nyumbani kifua wazi, shuka la kunyolea limefungwa shingoni, sufi nyeupe imemganda kwenye jasho la kwapa na nyusi, wembe mkononi. Hakwenda sokoni. Alishika njia ya barabara kuu iendayo Zambia, akasimama katikati ya lami, na kwa jinsi macho yake yalivyokuwa, akaiona foleni ndefu ya wateja.

Tangi la mafuta lilikuwa linashuka kutoka upande wa Uyole. Isihaka akaliinulia mkono kwa upole.

"Subiri zamu yako, mzee. Kaa hapo."

Dereva wa tangi alikanyaga breki mpaka magurudumu yakalia na moshi wa mpira ukapanda. Gari lilisimama karibu kiasi kwamba kinyozi angeweza kuipaka sabuni taa yake, na inasemekana alianza kuipaka. Dereva akachomoza kichwa dirishani, akaporomosha matusi ya lugha nne. Kisha akauona wembe. Akarudisha kichwa ndani, akapandisha kioo.

Watu walijaa pande zote mbili za barabara, wakicheka kwanza, halafu wakiacha kucheka. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kila aliyeita jina lake alijibiwa, "Naja, naja," na wembe ukazungushwa hewani, na watu wakarudi nyuma kama nyasi zinazopigwa na upepo. Gari jingine likaja kwa nyuma, likakwepa na kutumbukia mtaroni, abiria wakashuka kwa kupitia madirishani.

Hapo ndipo Rukia alipotokea, anarudi arusini na sahani ya pilau imefunikwa kitambaa.

Aliona umati, akauliza kuna nini, wakampisha bila kumjibu. Akamwona mume wake. Wanawake wengi wangepiga yowe, na yeye yowe lilifika mpaka kooni. Lakini alimtazama macho. Macho yale hayakuwa na kahawia. Yalikuwa meusi matupu, yamepanuka kama ya paka ndani ya stoo, na hayakumjua. Akalimeza yowe. Akampa mtu sahani, akaweka kanga yake sawa, akaingia barabarani.

"Hodi, fundi," akasema.

"Karibu, mama. Ila hapa tunanyoa wanaume."

"Najua. Nimemleta mwanangu, yuko nyuma. Lakini fundi, naona wembe wako umegandwa na sabuni. Kweli utamnyoa mtoto wa watu na wembe mchafu?"

Isihaka akautazama wembe, akaona haya. Katika kazi hakuna lawama iliyomuuma kama hiyo. "Samahani, mama. Leo kuna wateja wengi."

"Nipe nikuoshee."

Akampa, tena kwa mpini, kama alivyofundishwa. Rukia akaukunja, akautia kifuani. Vijana wakamrukia kinyozi, wakambeba. Alikuwa wa moto kama sufuria, na mkavu, hana hata tone la jasho jipya, anaongea na mjomba wake njia nzima.

Nyumbani walimkuta Maganga bado yupo benchini. Alikuwa amefika karibu na Kapiri Mposhi, kule Zambia, kwa hesabu zake. Alikata kona, alipiga honi kwa mdomo, alimkaripia utingo asiyekuwapo.

"Maganga," Rukia akauliza taratibu, "funguo za lori ziko wapi?"

Maganga akapiga mfuko wa suruali. Zikalia.

Rukia alisimulia baadaye kwamba hapo aliogopa kuliko alipouona wembe. Lori lilikuwa hapo nje, limejaa, limeelekezwa mteremkoni, na mteremko unaishia sokoni ambako hata siku ya Jumapili akina mama walikuwa wametandaza viazi hadi barabarani. Kilichowaokoa ni kwamba dereva alipotea njia kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, akapanda benchi. Rukia alipoingiza mkono mfukoni kuzichukua, Maganga aliacha usukani, macho yakapinduka, akaanguka kando, mwili mzima ukamrusha kama samaki aliyetolewa majini.

Rukia aliikuta birika na ile takataka iliyolowa, akainusa, akaibeba ilivyo mpaka hospitali. Jambo hilo daktari alimsifia: aliona maua yale akajua mara moja ana kazi gani mbele yake, badala ya kukisia.

Isihaka alipopata fahamu zake, jua la siku nyingine lilikuwa linazama. Mikono yake ilikuwa imefungwa kitandani kwa bandeji. Koo lilikuwa limechanika. Na sehemu ambayo mwanamume hapendi kuguswaguswa na wageni palikuwa na mpira mwembamba ulioshuka mpaka kwenye chupa chini ya kitanda.

"Hii nini?" akauliza.

"Kibofu chako kiligoma," akajibu muuguzi. Jina lake Evarista, mwanamke wa Kihehe mwenye mabega mapana, asiyechekacheka. "Hiyo sumu inafunga kila kitu. Mate, jasho, mkojo. Ulikuwa umevimba kama ngoma. Ulinipiga teke mara nyingi, ukaniambia nisubiri zamu yangu."

Isihaka akafunga macho kwa aibu. "Mwenzangu yuko wapi?"

Evarista alimwelekeza kitanda cha pili. Maganga alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kwa mkoromo usio wa usingizi.

"Alikunywa kupita wewe. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, halafu unajikwaa. Hatujui." Akarekebisha shuka. "Mwaka jana alilazwa hapohapo kijana wa sekondari. Walikunywa wanne, kwa mchezo, siku ya kufunga shule. Watatu walikwenda nyumbani. Mama yake yule wa nne alikuja na nguo zake za likizo zimepigwa pasi, hakuwa amepata habari. Mimi ndiye niliyempokea mlangoni."

Isihaka alikaa akisikiliza mkoromo ule mpaka taa zikawashwa, akawa anamwombea Maganga kwa dua zote alizojua, na zilipokwisha akaanza tena.

Maganga alizinduka kesho yake adhuhuri. Alitazama dari, akatazama huku na huku, akamwona kinyozi.

"Isihaka," akasema kwa sauti iliyopasuka, "sikuwahi kuonja."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nimejua juzi."

"Na simba mjamzito pia," Maganga akaendelea, kwa kuwa mlango ulishafunguka. "Alikuwa mbwa."

Kutoka hospitali si kupona. Isihaka alirudi nyumbani akijua anakwenda kukaripiwa kuhusu godoro, lakini Rukia hakumkaripia. Alilishona upya kimya kimya, akamwambia tu alale upande wenye mabonde. Shida ilikuwa macho. Mlima Loleza aliuona vizuri, mti mmojammoja. Kilichokuwa karibu na pua yake kilikuwa ukungu mtupu. Kinyozi asiyeona cha karibu ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Kila asubuhi Rukia alimpa sindano na uzi.

"Tunga."

Isihaka alitunga hewa kulia kwa sindano, kisha hewa kushoto kwake. "Sindano za siku hizi hazina tundu," akanung'unika.

"Basi hakuna kazi." Na wembe ukabaki kifuani kwa Rukia.

Siku uzi ulipopita, alikwenda kufungua kibanda. Watu walijaa, lakini si wa kunyolewa. Walikuja kumtazama na kusimuliana. Kila mmoja alikuwapo barabarani siku ile, hata wale waliokuwa Chunya. Wengine walisema alinyoa tangi zima. Wengine walisema alimnyoa utingo nusu kichwa. Isihaka, ambaye alitamani sana awe na kisa, alikuwa na kisa ambacho kila mtu alikijua kuliko yeye, na mahali pake katika kisa hicho palikuwa giza. Alikaa kwenye kiti cha wateja akawasikiliza. Alipojaribu kusema kwamba Maganga alikaribia kufa, walimpa pole kwa heshima, halafu mmoja akauliza kama ni kweli alimwambia muuguzi asubiri zamu.

Filemoni aliposikia yaliyotokea, hakumwambia mtu neno. Aling'oa ile miti na mizizi yake, akaifukia mbali, akapanda waridi. Meneja wa nyumba ya wageni alipouliza maua yake yako wapi, alijibu kwamba baridi ya mwaka huu imekuwa kali. Maganga mikono yake haikutulia tena vizuri. Mwenye lori akamwondoa kwenye usukani, naye Maganga akaenda kupumzika kwa dada yake. Miaka michache baadaye, kiwanda cha karatasi kilipoanza kujengwa kule Mgololo, alipata kazi ya kulinda lango. Vijana wa pale wakimwuliza kitu anachokijua anawaambia, na asichokijua anasema, "Hicho sikijui," kwa sauti ya mtu anayeonja chakula kigeni.

Lakini siku zile, hakuna aliyekalia kiti cha Isihaka. Walikuja, walicheka, waliaga, na nywele zao wakazipeleka kwingine. Alinoa wembe uliokwisha nolewa. Alifuta kioo.

Kisha asubuhi moja Evarista alitokea mlangoni, amevaa nguo za kiraia, amemshika mkono mzee mmoja mrefu mwenye koti zito, kofia na ndevu za miezi.

"Baba yangu, Mzee Saulo," akasema. "Ametoka Kilolo jana. Hasikii vizuri. Mnyoe ndevu."

Waliokuwa wamekaa wakasimama, wawili wakahamia mlangoni, penye nafasi ya kukimbia.

"Kamwene!" mzee akapaza sauti kusalimu kwa Kihehe, akakaa kitini, akaegemeza kichwa nyuma, akaliacha koo wazi.

"Kamwene, baba," akajibu Isihaka.

"Nitazame," Evarista akamwamuru. Alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akachungulia macho yake, la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayekagua embe. Akamwachia. "Haya. Endelea."

Akasimama palepale, mikono ameikunja kifuani. Isihaka alinawa mara mbili. Akapaka povu. Wembe ulipogusa shavu, hakuna aliyepumua humo ndani isipokuwa Mzee Saulo, ambaye baada ya mapito machache alianza kukoroma, mkoromo mzuri wa usingizi. Kinyozi alipita chini ya kidevu, akapita kwenye koo, akazunguka donge la koromeo linalopanda na kushuka, akamaliza, akafuta, akapaka spiriti. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima, naye akashukuru kwamba anatoka jasho.

Mzee alizinduka kwa ubaridi wa spiriti. Akapapasa mashavu, akapapasa koo, akajitazama kiooni. Kisha akamgeukia binti yake, akasema kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini na soko zima liliisikia:

"Huyu ndiye yule kichaa uliyenihadithia?"

"Baba!"

"Ndiye, mzee," Isihaka akasema karibu na sikio lake. "Ndiye mimi."

Mzee Saulo akapapasa tena kidevu. "Ana mkono mwepesi," akamwambia binti yake. Akavua kofia, akajiweka tena sawa kitini. "Na kichwani pia, fundi. Uniachie kidogo pale juu, kule kwetu kuna baridi."